Programu ni bure, siku yako si bure

Wasee mnaoandika programu huria (open source, zile ambazo msimbo wake, yaani code, uko wazi kwa wote) huku Kisumu na Nakuru, kitu cha kwanza kabla hata ya logo ni leseni, yaani maandishi ya kusema wengine wanaruhusiwa kufanya nini na msimbo wako. Ukiweka msimbo mtandaoni bila leseni, haki zote bado ni zako kisheria, kwa hivyo mtu makini hataugusa hata kama ulitaka watu watumie. Ukitaka kila mtu afanye nao anachotaka weka leseni inayoitwa MIT, ukitaka anayeuboresha na kuusambaza naye aachie maboresho yake wazi chukua ile ya GPL.

Sasa pesa. Usingoje michango pekee, inakuja kidogo kidogo na mwezi mwingine haiji kabisa. Mimi niliandika programu ya hesabu za chama nikaiacha bure, halafu vyama vikaanza kunipigia niende Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, niwawekee kwa laptop, nimfundishe mweka hazina, niwahamishie hesabu kutoka kwa daftari, na hapo ndipo nilianza kulipisha, maana hiyo ni siku yangu nzima imeenda. Andikianeni mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima, hata wa ukurasa mmoja tu, walipe kila miezi mitatu kwa M-Pesa, hiyo ndiyo inalipa stima na bando.

Alafu fungua till (namba ya kupokea malipo ya M-Pesa) ya mradi peke yake, usichanganye na pesa ya nyumbani, ndio siku mwingine akijiunga kusaidia mtaonyeshana hesabu bila kuvutana.