Jinsi ya kuchagua tairi za spoti kwa joto na mvua ya Mombasa

Tairi ambazo Ulaya na Japani huitwa za kiangazi, kwetu ni za mwaka mzima. Raba yake huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na Mombasa hata usiku wa Julai hatukaribii huko. Kwa hiyo ukiwa na gari la spoti usibabaishwe na tairi za "misimu yote". Hiyo ni raba iliyopunguzwa makali ili ivumilie theluji kidogo, na theluji yako wewe iko ndani ya friza.

Nimeandika haya baada ya kuzunguka na mpwa wangu wa Bamburi kumtafutia tairi za Toyota 86 yake, kwa hiyo saizi ninazozitaja ni za gari hilo. Mwenye Subaru au Mazda Roadster afuate hatua zilezile, abadilishe tarakimu.

Hatua ya 1: Tazama gari lilikuja limevaa nini

Magari haya mengi hushuka bandarini na tairi alizoziacha mwenyewe wa Japani. Kama lilitumika kaskazini, Hokkaido kwa mfano, huenda limevaa tairi za theluji. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Raba hiyo ni laini mno kwa lami ya Changamwe saa nane mchana. Hulika upesi, na ukikata kona unahisi gari linaogelea. Ling'oe tairi zote nne hata kama meno bado marefu. Aliyekuuzia gari atakwambia "mbona hizi bado mpya", mwache aseme.

Hatua ya 2: Saizi

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. 86 ya GT huvaa 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kipenyo kizima ni kama milimita 625. Ukitaka upana zaidi, 225/45R17 hufika 634, tofauti ya asilimia 1.4 tu, na rimu ya asili ya inchi 7 inaipokea.

Mimi huishia hapo. Vijana wanataka inchi 18 na 19 kwa sababu zinajaza nafasi ya gurudumu vizuri kwenye picha, lakini barabara zetu zina matuta yasiyopakwa rangi, mashimo yaliyojificha chini ya maji, na mteremko wa kuingilia feri pale Likoni. Ubavu mwembamba hauna pa kubonyea. Shimo moja tu, rimu inapata ufa au ubavu unatoa uvimbe, na uvimbe hauzibiki kwa fundi yeyote wa pancha. Ukishikilia kubadilisha rimu, angalau zilingane na 86: nati 5 kwenye duara la milimita 100, ofset (umbali wa uso unaofungwa nati kutoka katikati ya upana wa rimu) milimita 48, tundu la kati milimita 56.1.

Hatua ya 3: Uzito na kasi

Baada ya saizi utaona kitu kama 91W. Hiyo 91 ni mzigo wa juu wa kilo 615 kwa tairi moja, W ni kasi ya juu ya kilomita 270 kwa saa. V ni 240, Y ni 300. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kuna atakayeuliza W ya nini na askari wako barabarani. Herufi hiyo inaonyesha pia tairi inavyostahimili joto la mwendo, na sisi joto tunaanza nalo kabla gari halijaondoka.

Hatua ya 4: Mshiko kwenye maji

Hapa nina msimamo na sibadiliki: tairi ya Mombasa ichaguliwe kwa mvua. Lami kavu yenye joto hushikwa na karibu tairi yoyote nzuri. Mtihani ni Mei masika yakichachamaa, au Oktoba mvua za vuli zinapoanza na barabara imekusanya mafuta ya malori miezi mizima.

Tairi nyingi zimeandikwa ubavuni TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. TRACTION ni kipimo cha kufunga breki kwenye sehemu iliyolowa. Daraja la juu ni AA, nalo ndilo la kuulizia. TEMPERATURE isiwe chini ya A. TREADWEAR ni tarakimu ya kulika (ikiwa kubwa, tairi hulika polepole), na watu huisoma vibaya. Tairi hujaribiwa kwenye barabara za Texas, Marekani, lakini anayetoa tarakimu ya mwisho ni kampuni yenyewe, kwa hiyo 300 ya huyu haiwi lazima sawa na 300 ya yule.

Zenye TREADWEAR ya 200, kama Advan Neova AD09 ya Yokohama na Potenza RE-71RS ya Bridgestone, zinanata ajabu zikipata moto. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mbio. Mifereji yake ya kutoa maji ni michache, na kwenye dimbwi la Links Road utaelea. Chukua daraja linalofuata: familia ya Pilot Sport ya Michelin, Potenza Sport, Eagle F1 Asymmetric ya Goodyear. Za mtumba sizizungumzii kabisa.

Hatua ya 5: Tarehe

Hii ndiyo iliyotumaliza. Saizi tuliipata, jina tulilolitaka tulilipata, na bado tulitoka duka hili kuingia lile hadi jua likazama, kwa sababu ya tarakimu nne.

Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya 2024, yaani mwanzoni mwa Juni. Ukikuta tarakimu tatu peke yake, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya 2000, rudi nyumbani. Tatizo la kwanza ni kwamba tarehe huandikwa upande mmoja tu. Upande wa pili una DOT pia, ila msimbo unakatika kabla ya tarehe. Muuzaji atakuonyesha upande huo na kusema "hii haina tarehe, kaka, za nje haziandikwi." Zinaandikwa. Mwambie aigeuze.

Tatizo la pili: kagua zote nne, moja moja. Duka moja tuliletewa tairi mbili za mwaka uliopita, zimewekwa mbele, na mbili za nyuma zilikuwa na miaka sita. Zote zina nywele za raba, zote zina karatasi, zote zinang'aa. Mpwa akaninong'oneza, "Mjomba, si mpya zote?" Hazijavaliwa, ndiyo, lakini raba huzeeka hata ikiwa imelala. Michelin wenyewe wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishatimiza miaka mitano ya kutumika, na isizidi kumi tangu itengenezwe hata ikionekana nzima.

Tatizo la tatu halina tarakimu: ilikaa wapi? Tairi iliyolala ndani gizani miaka miwili mimi naichukua bila wasiwasi. Iliyopangwa nje ya duka, jua la Kaskazi likiipiga tangu Desemba hadi Machi, siitaki hata ikiwa ya mwaka huu. Ikunje kidogo ubavu kwa kidole gumba na utazame vinyufa vyembamba kwenye mikunjo na chini ya mifereji. Ikiwa imepakwa dawa ya kung'arisha, futa kwanza kwa kitambaa. Dawa huficha mengi. Kisha fananisha rangi ya tairi ya juu kabisa na ya chini kabisa kwenye rundo. Ya juu ikiwa imepauka, umeshajua rundo lilikaa wapi.

Mpaka wangu ni miaka miwili, na tofauti kati ya tairi nne isizidi miezi michache. Kati ya jina kubwa la miaka mitano na jina la wastani la mwaka huu, mimi nachukua la wastani. Lipa baada ya kusoma, na tarehe ziandikwe kwenye risiti, maana tairi zinazotoka stoo kuja kufungwa si lazima ziwe zilezile ulizozikagua.

Hatua ya 6: Kufunga

Palipoandikwa OUTSIDE pakae nje, mshale wa ROTATION ufuate gari linavyokwenda mbele. Valvu mpya, balansi, kisha alaimenti siku hiyohiyo. Wenye Subaru ambazo injini husukuma magurudumu yote manne: badilisheni zote nne pamoja, maana tairi zisizolingana mzunguko huua difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Nati za 86 hukazwa kwa nguvu ya Nm 120 (Nm ni kipimo cha kukaza) kwa spana ya kipimo, si kwa ile bunduki ya upepo.

Hatua ya 7: Upepo

Pima asubuhi gari likiwa limelala, kwa geji yako mwenyewe. Ukipima umetoka Mtwapa juani utakuta psi (kipimo cha upepo) kadhaa zaidi ya zilizo kwenye kibandiko. Usizitoe, la sivyo kesho asubuhi tairi itakuwa imelegea. Naitrojeni ya kulipia sioni haja. Hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Kilomita mia tatu za mwanzo nenda taratibu, hasa kukinyesha, kwa sababu raba mpya bado ina utelezi wa kiwandani. Ukishatembea kama kilomita mia moja, rudia kukaza nati.