Kukadiria sevisi ya Land Cruiser ya zamani katika gereji za mtaani, Mtwara na Lindi

Mwenye gari la zamani lenye difu (boksi la gia la ekseli, linalopeleka nguvu ya injini magurudumuni) mbele na nyuma, akiingia gereji ya mtaani pale Mtwara mjini, Lindi au Masasi na kuuliza sevisi ni shilingi ngapi, hujibiwa kwa tarakimu moja. Tarakimu hiyo haimsaidii kitu, kwa sababu ndani yake zimechanganywa oili, filta, ufundi, nauli ya kijana anayetumwa dukani na pengine faida ambayo haikutajwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuivunja vipandevipande kabla spana haijagusa gari. Mfano wangu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, ambayo wengi huliita mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Mwenye Hilux, Patrol au Defender atabadilisha vipimo, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Anza na lita, usianze na shilingi. Injini ya 1HZ, ukibadilisha na filta, humeza takriban lita 9 na nusu za oili, yaani zaidi ya mara mbili ya gari dogo la mjini, na hapo ndipo wanaohamia gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, kwa mara ya kwanza hudhani wameibiwa. Tuchukulie kwamba lita moja ni shilingi 12,000: oili peke yake ni shilingi 114,000, kabla ya filta na kabla ya mkono wa fundi. Bei hiyo nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu. Wewe weka ile utakayotajiwa dukani siku hiyo. Dumu la lita 20 hutosha kwa sevisi mbili na mara nyingi bei yake kwa lita huwa nafuu kuliko vikopo, mradi ulinunue likiwa na lakiri yake na ulihifadhi mwenyewe nyumbani.

Kisha hesabu oili nzito, ambayo ndiyo husahauliwa. Difu ya nyuma huchukua kama lita 3, ya mbele pungufu kidogo, transfa (boksi linalogawa nguvu kati ya difu ya mbele na ya nyuma) takriban lita 2, na gia boksi kati ya lita 4 na 5 kutegemea aina yake. Jumla ni lita 12 hadi 13, na kwa hiyo, siku zamu yake inapofika, oili nzito hugharimu sawa na ya injini au hata kuizidi. Kwa matumizi ya kawaida hubadilishwa kila kilomita 40,000, lakini gari linalopanda Newala kwenye vumbi au kuvuka mito ya Liwale wakati wa masika lihesabie nusu ya hapo. Angalia pia daraja la oili: GL-5 ni ya difu, ilhali gia boksi nyingi za zamani zenye vipande vya shaba ndani hutaka GL-4, kwa sababu baadhi ya viungo vya GL-5 hula shaba taratibu. Fundi anayetaka kumimina dumu moja kila mahali anakuokolea fedha kidogo leo na kukupeleka kwenye gharama ya kushusha gia boksi kesho.

Wakati wa kumwaga oili ya difu, simama karibu. Bolti ya kujazia, iliyo juu, ifunguliwe kwanza, kisha ndipo ifunguliwe ile ya chini ya kumwagia; ikiwa ya juu imeganda kwa kutu na fundi amekwisha kumwaga, gari halina oili na halina pa kuitia. Chovya kidole katika oili iliyotoka. Ikiwa nyeusi lakini laini, hiyo ni kazi ya kawaida. Ikiwa imegeuka rangi ya tui la nazi, maji yameingia, na mara nyingi yamepitia kwenye kipumulio cha difu, kile kijibomba kidogo kilichoziba tope: difu yenye moto ikizama ghafla katika maji ya baridi huvuta kila kilicho karibu. Kusafisha kipumulio ni kazi ya dakika chache, na ukifika hapo idai ifanywe bure.

Sehemu inayoamua gharama kubwa si oili, bali ni kufungua. Katika gereji za mtaani ufundi haulipwi kwa saa bali kwa kazi, na kazi hupimwa kwa kile kinachopaswa kushushwa. Basi kila kinachofunguliwa mara moja kifanyiwe yote yaliyomo ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita gereji moja ilinibadilishia pleti ya klachi peke yake, nami nikafurahia unafuu wa bei. Baada ya miezi michache rilizi beringi, ile inayosukuma klachi unapoikanyaga, ilianza kulia, ikanilazimu kulipia kushusha gia boksi ileile mara ya pili, na gharama ya ufundi ilizidi thamani ya beringi yenyewe mara kadhaa. Tangu hapo, gia boksi ikishuka, kwangu hubadilishwa pleti, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) na sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili kuvuja, hata kama fundi anasema bado zinafaa.

Mfano wa pili ni ekseli ya mbele, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo magari haya yanapochakaa kimyakimya. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, kuna beringi iliyolegea, ama ya habu (kitovu cha gurudumu) au ya kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia linapokata kona). Msaidizi akikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni ya habu, na ukibaki, elekeza macho kwenye kingpini. Halafu tazama lile tufe kubwa la chuma nyuma ya gurudumu. Linapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Likiwa limelowa uji mweusi unaonuka oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili inaiyeyusha grisi inayolinda viungo vya shafti. Habu ikifunguliwa kwa ajili ya sili hiyo, grisi ya zamani ikwanguliwe yote, beringi za habu zioshwe na kupakwa grisi mpya, beringi za kingpini zikaguliwe na brek pedi zitazamwe, vyote kwa ufundi mmoja. Mwambie hivi: "Fundi, tuweke spea pembeni kwanza, ufundi wa upande mmoja kufungua na kufunga kila kitu ni ngapi?" Swali hilo hupunguza mabishano ya jioni kuliko kuombana punguzo.

Taimingi belti ya 1HZ, mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, haina mjadala: ni kilomita 100,000, na taa ya dashibodi huwaka kukukumbusha. Taa hiyo, hata hivyo, huzimwa bila belti kuguswa, na katika gari lililopitia mikono mitatu hakuna anayejua ukweli. Kama hakuna risiti wala kibandiko chenye tarehe na kilomita, ihesabu kuwa imepitwa, ununue pamoja na beringi yake ya kukazia, kwa maana belti ikikatika valvu hugongana na pistoni na gharama inakuwa ya injini.

Spea za kawaida hupatikana Mtwara mjini, lakini sili na beringi zenye jina la kuaminika mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, na kuletwa kwa basi, safari ya kilomita zaidi ya 550. Tuma picha ya namba iliyochongwa kwenye spea ya zamani, si maelezo ya mdomo. Kosa moja la namba ni nauli mbili. Agiza kabla gari halijafunguliwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, gari lililokuwa limefunguliwa likisubiri sili lilibaki juu ya mawe. Panga pia sevisi kubwa iwe Agosti au Septemba, kabla ya minada ya korosho, kwa kuwa fedha za korosho zikiingia kila mtu hukumbuka gari lake siku moja na foleni hufika barabarani.

Kwa wanaoishi Shangani au Mikindani, na wanaopeleka gari mchangani Msimbati, ongeza kifungu kidogo cha kuosha chini kwa maji yasiyo na chumvi na kukagua chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Kutu ya chumvi hupandisha bei ya kila kazi, kwa sababu bolti moja ikikatika fundi atahitaji kuchimba na kuchoma, na hilo hulipiwa kando.

Siku ya kulichukua gari, omba spea zote zilizotolewa zikiwa katika mfuko, uzilinganishe na orodha mliyokubaliana, kisha andika tarehe na kilomita kwa kalamu nzito juu ya filta mpya. Bakiza kiasi kidogo cha ufundi hadi umeliendesha. Ukishatembea kilomita kama 100, ambayo ni karibu Mtwara hadi Lindi, kaza tena nati za magurudumu, gusa habu uone kama zina joto lisilo la kawaida, uinue magurudumu ya mbele na kuyatikisa juu na chini kama ulivyofanya mwanzo. Yakicheza, rudi kwa fundi yuleyule kabla hujammalizia fedha yake.