Jinsi ya kutumia neno limbikiza bila kulichanganya na mengine

Hili neno wengi wetu hapa Kisumu tunalijua kwa redio tu, malimbikizo ya mishahara, malimbikizo ya kodi, basi unadhani ni neno la maofisini. Sio la maofisini kabisa. Ukitaka kulielewa anza kwa kulivua nguo: malimbikizo, toa ma- na ile o ya mwisho unapata limbikiza, alafu toa -iz- unabaki na limbika, na hapo ndipo maana ya zamani imekaa.

Kulimbika ni kuweka kitu ukakingoja mpaka kitoshe ama kiwe tayari. Maji yalikuwa yanalimbikwa, yaani unachimba kishimo unangoja yajae. Siku nilipoiona hiyo maana kwa kamusi nilimkumbuka mamangu kule Seme wakati wa kiangazi, mto umekauka, anafukua mchanga kwa mikono mpaka maji yaanze kutoka, ya kwanza machafu anayamwaga, anakaa kando ya shimo, yakipanda kidogo anateka na kikombe polepole asiyatibue, kikombe kimoja tu, anangoja tena, mtungi wa lita 20 ukija kujaa jua liko utosini. Hiyo ndiyo kulimbika.

Kwa hivyo kabla uandike jiulize, kuna kungoja ndani yake? Ukiamka ukaokota maembe yote yaliyoanguka usiku, umekusanya. Majirani mkitoa mia mbili mbili za matanga, mmechanga. Mama anayeuza omena pale soko la Kibuye akitia hamsini kwa mkebe kila jioni mpaka karo ya mtoto itimie, huyo amedunduliza, na hapo ndipo ile haba na haba hujaza kibaba inakaa sawasawa. Dunduliza ni neno tamu sana na tunaliacha life bure, tafadhali litumieni. Limbikiza lenyewe ni pana, mtu hulimbikiza mali, maarifa, hata hasira ya miaka, na kodi ya nyumba usipoilipa miezi mitatu utaambiwa madeni yamelimbikizana.

Sasa mahali wanafunzi hupotea ni malimbuko. Hilo linatoka kwa limbuka, kuonja mazao ya kwanza ya msimu, na ukifungua Biblia 1 Wakorintho 15:20 utapata Kristo akiitwa limbuko lao waliolala, yaani wa kwanza kufufuka. Limbukeni pia ni wa ukoo huo, mtu aliyepata kitu mara ya kwanza kikamzidi. Angalia hiyo u na hiyo i, zinabadilisha kila kitu, manake ukiandika mwalimu anadai malimbuko ya mshahara umesema anadai ule wake wa kwanza kabisa, na yeye anadai ya miezi yote iliyorundikana.