SOMO: Kodi ya duka imepandishwa? Namna ya kupinga notisi

Naandika hili mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Swali ni lile lile kila mwaka ukianza: "Mwenye jengo amesema kodi inapanda mwezi ujao, nifanyeje?" Soma mpaka mwisho kwanza.

Somo ni la biashara: duka la rejareja au jumla, saluni, kinyozi, fundi simu, hoteli, mkahawa. Sheria inayohusika ni Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ya mwaka 1965. Inamlinda mpangaji mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, na pia asiye na mkataba wowote wa maandishi. Ndiyo, hata wewe uliyekubaliana kwa mdomo ukapewa funguo. Wengi hapa mjini hudhani kinyume chake, na wenye majengo hawana haraka ya kuwasahihisha.

1. Angalia kama hiyo ni notisi kweli. Ujumbe wa WhatsApp si notisi. Keateka (msimamizi wa jengo) akipita mlangoni akisema "mkubwa ameongeza" si notisi. Karatasi ya "Wapangaji Wote" iliyobandikwa kwenye ngazi si notisi pia. Anayetaka kupandisha kodi hujaza Fomu A, aeleze sababu na tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo isiwe chini ya miezi 2 tangu uipokee.

2. Andika tarehe uliyoipokea. Hapa ndipo watu huangukia, kwa hivyo nitakaa kidogo. Notisi si lazima utiwe mkononi wewe mwenyewe. Ikikabidhiwa mfanyakazi wako dukani, kisheria imekufikia. Jirani yangu wa River Road alikuwa ameenda nyumbani kwa matanga. Kijana wake akapokea bahasha, akatia sahihi, akaiweka chini ya daftari la madeni. Bahasha ilipoonekana, tarehe ya kuanza kodi mpya ilikuwa imeshapita. Kifungu cha 10 kinasema ukinyamaza hadi siku hiyo, notisi inaanza kufanya kazi, na kodi mpya ndiyo kodi.

Hesabu huanza siku ya kupokea, si siku iliyochapwa juu ya karatasi. Tuseme notisi imeandikwa tarehe 1 Machi, inataka kodi mpya ianze 1 Mei, lakini imeletwa dukani 9 Machi. Miezi 2 haijatimia, na hiyo ni hoja yako. Ila bila kumbukumbu ya ile tarehe 9 mtabaki kubishana, neno lako kwa neno la ajenti.

ONYO: Usimfundishe mfanyakazi kukataa bahasha. Mfundishe kuandika tarehe na saa, kupiga picha na kukutumia siku hiyo hiyo. Ikija kwa rejista ya posta, weka bahasha na stakabadhi yake.

ONYO LA PILI: Ukiona kasoro kwenye notisi, usikae ukijipongeza. Ipinge vilevile. Kasoro utaieleza mbele ya jopo la kodi (hatua ya 4).

3. Ndani ya mwezi 1, mjibu kwa barua kwamba hukubali. Sentensi mbili zinatosha. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa.

4. Fungua shauri kabla ya tarehe ya kuanza. Barua peke yake haikuokoi. Unakwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara, wengi hulijua kama BPRT (Business Premises Rent Tribunal), na unawasilisha kwa mtandao kupitia mfumo wa mahakama. Ambatisha notisi, jibu lako, ushahidi wa malipo, na mkataba kama upo. Ukishafungua, kifungu cha 6 kinaisimamisha notisi hadi jopo liamue. Hapo ndipo penye nguvu ya mpangaji, na sijui kwa nini watu huona ugumu kupafikia.

5. Endelea kulipa kodi ya zamani, yote, kwa wakati. Kuzuia kodi "mpaka kesi iishe" ni kumpa mwenye jengo kisu. Deni la miezi 2 ni sababu ya kisheria ya kukutoa, na hapo hatajali tena habari ya nyongeza.

6. Tafuta mthamini aliyesajiliwa. Gharama inauma, lakini mzozo wa kodi huamuliwa kwa kulinganisha na maduka ya karibu yenye ukubwa na hali kama lako. Mwenye jengo akileta ripoti nawe ukaleta malalamiko tu, ripoti yake ndiyo itakayosomwa.

7. Siku ya kusikilizwa, fika. Wakili si lazima. Usitarajie nyongeza ifutwe yote kila mara, kwani jopo linaweza kuweka kiwango cha katikati. Usiporidhika, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

MASWALI

Baba Shiru: Mimi niko bedsita (chumba kimoja cha kuishi) Kasarani, kodi 11,000. Wamepandisha hadi 14,000. Nijaze Fomu A?

Jibu: Somo linasema biashara. Na Fomu A hujazwa na mwenye jengo, si wewe. Nyumba za kuishi zina Sura ya 296, ambayo kikomo chake bado ni kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa 11,000, soma mkataba wako unasema nini kuhusu nyongeza na muda wa notisi.

Mzee wa Spea: Nimepata notisi miezi mitatu iliyopita, sikujibu, sasa wanadai kodi mpya. Kuna njia ya mkato?

Jibu: Hatua ya 2, ya 3 na ya 4. Ulizisoma?

Mzee wa Spea: Nilikuwa hospitalini bosi, si kwamba nilipuuza.

Jibu: Pole mzee wangu, ungeanza na hilo. Jopo lina uwezo wa kukuruhusu ufungue shauri nje ya muda ukiwa na sababu ya kutosha. Beba karatasi za kulazwa, uzitaje kwenye hati ya kiapo, na usikawie hata wiki moja zaidi.

Mama Vitenge: Hajapandisha kodi, ila ameanza kutoza choo na maji, ambavyo tumetumia bure tangu niingie. Je, hiyo nayo ni nyongeza?

Jibu: Swali zuri sana mama. Sheria haizungumzii kodi tu. Hakuna sharti, haki wala huduma ya mpangaji inayoweza kubadilishwa bila kufuata utaratibu huo huo. Maji, choo, nafasi ya kibao chako nje, vyote vimo. Mwandikie umuulize notisi yake iko wapi.

Nyambura wa Luthuli: Mkataba wangu ni wa miaka 5 na miezi 3. Nimesikia hiyo miezi 3 huwekwa makusudi?

Jibu: Umesikia vizuri. Ukizidi miaka 5 unatoka kwenye ulinzi wa Sura ya 301, na mawakili wa wenye majengo wanalijua hilo. Lakini tafuta kama kuna kipengele kinachoruhusu mkataba kuvunjwa ndani ya ile miaka 5 bila kosa la mtu, kwa mfano kwa notisi tu. Kikiwepo, ulinzi unarudi. Wanaoandika hii mikataba hukisahau humo mara nyingi.

Nyambura wa Luthuli: Kipo! Notisi ya miezi 6, upande wowote.

Jibu: Basi umeshinda nusu ya mabishano bila kutoka dukani. Mpe wakili akisome kabla hujajibu chochote.

Mchuuzi24: Kibanda changu kiko soko la kaunti. Hii inanihusu?

Jibu: La. Serikali au kaunti ikiwa upande wa upangaji, sheria hii haiingii.

Mchuuzi24: Kwa hivyo sisi hatuna haki?

Jibu: Sikusema hivyo. Nimesema si sheria hii.

Fundi Saa: Na sisi tunaolipa kwa namba ya keateka, ushahidi wa malipo ni upi? Risiti zake za karatasi laini zimefifia, hazisomeki.

Jibu: Zile hufifia zenyewe hata ukizifungia kwenye droo. Zipige picha siku unayopewa. Kwa malipo ya nyuma, chukua taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote, kisha mwandikie mwenye jengo barua ukiorodhesha malipo hayo na kutaja namba aliyokuelekeza ulipie. Asipokanusha, ni afadhali kuliko kumsaka keateka aje kutoa ushahidi. Na kuanzia mwezi ujao, omba namba ya tili au akaunti ya mwenyewe.

Fundi Saa: Nimeomba. Amesema tili inakatwa pesa.

Jibu: Mwandikie uombe hivyo hivyo. Barua hiyo nayo iweke kwenye faili.