Jinsi ya kuchagua chuo cha uhandisi wa mazingira bila kuliwa

Juzi nimemsaidia mdogo wangu kuchagua chuo nikakumbuka nilivyohangaika mwenyewe, basi naandika hapa nisirudie kuelezea kila mtu.

Hatua ya 1. Orodhesha vyuo unavyovitaka. Hii unaiweza.

Hatua ya 2. Ithibati, yaani kibali kwamba digrii imekaguliwa na chombo husika na kufikia viwango. Hapa ndo nilipoteza siku mbili nzima. Kwanza soma jina la digrii neno kwa neno, maana sayansi ya mazingira na usimamizi wa mazingira sio uhandisi, na bodi ya wahandisi inaweza kukugomea ukishamaliza. Alafu ujue ithibati ya uhandisi inapewa programu, yaani kozi moja moja ya digrii, haipewi chuo kizima. Chuo kimoja nilichokipenda kilikuwa na muhuri mkubwa kwenye tovuti yao, kumbe programu iliyothibitishwa ni ya ujenzi, ya mazingira hamna! Kwa hiyo achana na tovuti ya chuo, nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe kinachotoa ithibati (kwa Marekani ni ABET), tafuta programu kwa jina, angalia ni kampasi ipi na imeanza mwaka gani. Programu mpya kabisa ABET hawaipi mpaka iwe na mhitimu angalau mmoja, kwa hiyo ukiambiwa "tuko kwenye mchakato" jua unabahatisha. Na kama unawaza kufanya kazi nchi nyingine, kuna makubaliano yanaitwa Washington Accord, ya mwaka 1989, nchi wanachama wanatambuliana digrii za uhandisi, ila yanahusu programu zilizothibitishwa ndani ya nchi ya chombo husika tu, yaani ABET ikithibitisha chuo kilichoko nje ya Marekani, makubaliano hayo hayakibebi. Na hata digrii yako ikiwa ndani yake leseni ya kufanya kazi ya uhandisi hupewi bure, bodi ya huko ina masharti yake.

Hatua ya 3. Omba mtaala wa miaka yote. Uwe na mekanika ya viowevu (jinsi maji na hewa vinavyotembea), haidrolojia (mzunguko wa maji ya mvua, mito na ardhini), kemia ya maji, majitaka, hewa, taka ngumu. Ukikuta mekanika ya viowevu haipo, kimbia.

Hatua ya 4. Maabara. Usimuulize anayekutembeza, muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: kipimo cha BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu wakiozesha uchafu kwenye maji) mnafanya wenyewe au mnaangalia mwalimu akifanya? Kipimo hicho sampuli inakaa siku 5 kwenye nyuzi joto 20, aliyekifanya kwa mkono wake atakwambia tu jinsi alivyorudi siku ya tano kusoma majibu, ambaye hajakifanya ataanza kuzunguka. Chuo kikijisifia programu za kompyuta za bei mbaya mi hainitishi, EPANET na SWMM ni programu za bure, na mtiririko wa maji kwenye mabomba na mifereji unauigiza humo vizuri kabisa, kikubwa pawe na mtu wa kukufundisha.

Hatua ya 5. Hela. Jumlisha miaka yote, sio ada ya mwaka wa kwanza tu, na ile orodha ya ithibati ifungue tena siku unayolipa, maana muda wa ithibati huwa unaisha.