Namna ya Kuwazoesha Watoto wa Kituoni Maji Badala ya Juisi za Unga

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana wilayani Newala, aliyekuwa na lalamiko lile lile ninalolisikia kuanzia Tandahimba hadi Mtama: watoto hawataki maji, wanataka juisi. Naanza na maji yenyewe, kwa kuwa katika vituo vingi nilivyovitembelea kinachokataliwa ni harufu ya moshi iliyomo kwenye maji, na kuwakataza wazazi kuleta juisi hakutasaidia ikiwa kinachowekwa mahali pake hakinyweki.

Hatua ya kwanza: Watenge kwa umri

Mtoto aliye chini ya miezi sita hunywa maziwa ya mama peke yake, na hata maji hapewi. Mama akamue maziwa, ayalete kwenye chombo safi chenye kifuniko, na mlezi amnyweshe kwa kikombe. Kuanzia miezi sita maji kidogo huambatana na chakula. Asali, hata ya kuonja, isubiri mwaka mmoja upite. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano vinywaji vya kila siku ni viwili tu: maji, na maziwa yasiyotiwa sukari pale yanapopatikana. Maziwa ya ng'ombe yanayouzwa mitaani yachemshwe kwanza, hata kama muuzaji ni mtu unayemwamini.

Hatua ya pili: Tengeneza maji yanayonyweka

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Ladha ya maji katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi hutofautiana kijiji kwa kijiji: juu ya Nyanda za Makonde maji husukumwa kutoka mabondeni, kama yale ya chanzo cha Mitema, na yasipotoka watu hurudia maji ya mvua waliyoyahifadhi, ilhali pwani visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi hiyo, hivyo kituo cha pwani kitenge maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya kunywa, na ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia. Maji yenye tope yaachwe yatuame usiku kucha, kisha yachujwe kwa kitambaa cheupe safi kilichokunjwa mara nne, ndipo yabandikwe jikoni.

Maji yakishachemka kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha. Walezi wengi huyaacha yatokote kwa robo saa wakidhani ndiyo usalama, kumbe wanateketeza kuni na kuyaongezea moshi. Funika sufuria tangu mwanzo, tumia kuni kavu au, afadhali zaidi, mkaa uliokwisha kukolea, na usifunue funue kuchungulia. Yakipoa, yamimine kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine mara kadhaa, kwa kuwa maji yaliyochemshwa hupoteza hewa na kubaki na ule uchapwa ambao mtoto huutambua kabla yako.

Kwa kuhifadhi mimi sina mjadala: ni mtungi wa udongo. Friji hutegemea umeme, na ndoo ya plastiki ikikaa kwenye joto la Novemba hutoa maji ya uvuguvugu. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya taratibu kwenye udongo, hufika nje na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Kwa hiyo uweke kivulini panapopita upepo, juu ya mchanga wenye unyevu, wala usiufungie stoo. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, utapoza kidogo tu. Mtungi mpya ujazwe maji na kumwagwa kwa siku kadhaa hadi harufu ya udongo ipungue, na kamwe usiuoshe kwa sabuni, kwani udongo huinywa na kuirudisha kwenye maji. Ukiona haujatoa jasho nje, vinyweleo vyake vimeziba. Usugue kwa brashi na maji ya moto, na ukishindikana nunua mwingine. Mdomo wake ufunikwe wakati wote, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa mahali safi, ingawa fundi akikufungia bomba chini utaepuka mikono kabisa.

Tahadhari moja imewasumbua wengi. Ukitumia dawa ya klorini badala ya kuchemsha, usiiweke kwenye mtungi, kwa sababu udongo huimaliza nguvu mapema. Tumia ndoo yenye kifuniko na bomba, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa, na usizidishe kwa kudhani utaongeza usalama, maana maji yatanuka dawa na utakuwa umerudi kule kule kwenye watoto wanaokataa kunywa. Chagua njia moja na uishike: ama kuchemsha na mtungi, ama klorini na ndoo.

Hatua ya tatu: Vikombe na ratiba

Kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama. Maji yatolewe wanapofika, baada ya kucheza, wakati wa chakula na wanapoamka, bila kusubiri mtoto aombe. Mlezi anywe maji hayo hayo mbele yao, na soda yake aiache nyumbani.

Hatua ya nne: Ondoa sukari kidogo kidogo

Soda ya chupa ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na juisi ya unga iliyotiwa rangi haina tunda la kujivunia. Vyote viwili viondoke kituoni, pamoja na vile vinavyotangazwa kuwa havina sukari lakini vina vitamu vya kutengenezwa. Chai ya rangi nayo siipendi kwa watoto, kwa sababu hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye chakula. Badala yake chemsha mchaichai bila majani ya chai, ukipunguza sukari kila wiki hadi ikome.

Juisi ya tunda halisi isizidi nusu kikombe kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na tunda lenyewe ni bora kuliko juisi yake. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yaliyoiva yaoshwe na kuliwa bila kukamuliwa, kwa kuwa juisi yake huchacha upesi na ya jana yake tayari inaelekea kuwa uraka, yaani pombe ya mabibo. Togwa itolewe siku ile ile inapoiva, na dafu mara moja moja, mara tu linapopasuliwa.

Hatua ya tano: Chupa kutoka nyumbani

Mara nyingi anayeileta ni bibi, na bibi hagombezwi. Mlezi wa Newala sasa humwambia, "Shikamoo bibi, hii tunakuhifadhia, mjukuu ataikuta jioni; hapa ana maji ya mtungini." Kisha humkaribisha aonje maji hayo. Chupa hurudishwa jioni ikiwa imejaa, mkononi mwa mtu mzima, bila hotuba.

Hatua ya sita: Mtoto akiharisha

Siku hiyo ratiba ya kawaida husimama. Changanya pakiti ya ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa kawaida ni lita moja, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, na anayenyonya aendelee kunyonya. Soda na juisi zisitumike, kwani sukari yake huzidisha kuharisha. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, na mtoto mwenye macho yaliyodidimia, anayeshindwa kunywa au mwenye damu kwenye choo apelekwe zahanati mara moja.