Hekalu Liache Kwanza: Namna ya Kupasoma Patakatifu pa Wagiriki wa Kale

Wageni wakifika Olympia huko Ugiriki huenda moja kwa moja kwenye nguzo zilizoanguka za hekalu la Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, hupiga picha, huondoka. Wanafunzi wa akiolojia nao hufanya vivyo hivyo, ila wao hubeba daftari. Wanaoanza kazi kwenye timu yetu huwa nawaambia jambo moja kabla hawajashika mwiko wa kuchimbia: hekalu liache kwanza, tafuta madhabahu.

Ibada ya Mgiriki wa kale ilifanyika nje. Mnyama alichinjwa mbele ya madhabahu, moto ukawashwa juu yake, watu wakala nyama hapo hapo kwenye uwanja. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu na ghala la mali zake. Patakatifu pengi hapakuwa na hekalu kabisa, na penye hekalu mara nyingi lilikuja baadaye sana. Olympia yenyewe ni mfano mzuri: hekalu la Zeus lilijengwa kati ya mwaka 470 na 456 KK hivi, lakini watu walikuwa wakiacha pale sanamu ndogo za shaba na za udongo, farasi na ng'ombe hasa, tangu karne nyingi kabla.

Na madhabahu yenyewe ya Zeus ilikuwa lundo la majivu. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema kimo chake kilifika futi 22, na kwamba kila mwaka watabiri walichukua majivu ya jiko takatifu la mji, wakayakanda kwa maji ya mto Alpheios, wakayapaka juu ya lile lundo. Wajerumani wanachimba Olympia tangu 1875 na mpaka leo mahali pake hasa hapajathibitishwa. Kwa hiyo ukisimama pale usidhani unachokiona ndicho kilichokuwa kikuu.

Anza hivi: simama kwenye mlango wa hekalu, kama lipo, ukiangalia mashariki. Madhabahu mara nyingi iko upande huo. Tafuta msingi mrefu mwembamba wa mawe, au udongo uliobadilika rangi ukawa mweusi na laini, wenye vipande vyeupe ndani yake. Vile vipande vyeupe ni mifupa iliyoungua, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mifupa

Sehemu hii nitakaa nayo, maana ndiyo watu huipitia haraka.

Kwenye kilele cha mlima Lykaion huko Arcadia, kusini mwa Ugiriki, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna madhabahu ya majivu ya Zeus. Mifupa iliyotoka humo karibu yote ni ya kondoo na mbuzi, na tena si mifupa yoyote tu: ni ya mapaja, magoti na mikia. Ukimkumbuka Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, utaelewa. Anasimulia jinsi Prometheus wa ngano za Wagiriki alivyomhadaa Zeus akachagua mifupa iliyofunikwa mafuta, na nyama ikabaki kwa binadamu. Paja na mkia vilikuwa fungu la mungu, vikateketezwa mpaka vikawa vyeupe. Mbavu na uti wa mgongo wenye alama za kisu, usioungua, ni mabaki ya karamu. Hivyo lundo la mapaja yaliyoungua linakwambia umefika kwenye madhabahu. Mbavu zilizotupwa shimoni zinakwambia watu walikula karibu na hapo. Ukivichanganya kwenye mfuko mmoja umeiua habari yote.

Kila mfupa uandikiwe mambo manne: ni wa mnyama gani, ni sehemu gani ya mwili, ni upande wa kulia au wa kushoto, na rangi yake. Mweusi umepata moto wa kiasi, wa kijivu au mweupe umekaa kwenye moto mkali. Upande usiudharau, kwa sababu sheria za ibada zilizochongwa kwenye mawe mara nyingi zinampa kuhani mguu fulani, na mguu aliokwenda nao nyumbani hauwezi kuonekana kwenye majivu. Mikia nayo ina kisa chake: michoro ya vyungu vya Athens inaonyesha mkia ukijikunja juu katikati ya moto, na watu waliochoma mikia halisi kwa majaribio wameona unajikunja vile vile. Mchoraji alikuwa anachora alichokiona.

Udongo wa majivu usiuchekeche tu. Umimine kwenye pipa la maji, uukoroge taratibu, ukinge kwa kitambaa chepesi vinavyoelea. Mbegu na makaa madogo hupatikana hivyo, na makaa ndiyo yanayotaja mti uliochomwa.

Miguu

Ukimaliza na madhabahu, toka nje ya ukuta. Patakatifu palitengwa kwa mawe ya mpaka, na mlangoni pakawekwa beseni la maji la jiwe au la udongo ili anayeingia ajitakase. Kipande cha beseni hilo kikiokotwa shambani ni dalili nzuri.

Kutembea mashambani kuna utaratibu wake: watu wanajipanga mstari mmoja, mita 10 au 15 baina yao, kila mtu anahesabu vipande vya vyungu anavyovikanyaga na anaandika ardhi ilionekana kwa kiasi gani. Shamba lililolimwa na kunyeshewa mvua huonyesha kila kitu. Lenye majani makavu huficha. Kwenye shamba la mkulima wa kale utaokota mitungi mikubwa ya nafaka na mawe ya kusagia. Kwenye patakatifu utapata vyungu vidogo mno visivyofaa kupikia, taa, vichwa vya sanamu za udongo. Hata hivyo vyungu vidogo huzikwa makaburini pia, na sanamu za udongo zilikuwamo majumbani, kwa hiyo kimoja peke yake hakitoshi. Kwenye pango la Korykion, juu ya Delphi, vilitoka vifupa vya fundo za miguu ya kondoo na mbuzi zaidi ya 20,000. Hapo hakuna wa kubisha kwamba ni patakatifu.

Waulize wachungaji. Wao wanajua chemchemi isiyokauka mwezi Agosti, na penye maji ya kudumu uwezekano wa patakatifu ni mkubwa. Zungukia na makanisa madogo ya vijijini, uangalie mawe ya kona na kizingiti, maana wajenzi walipenda mawe yaliyokwisha kuchongwa. Lakini kanisa juu ya hekalu halithibitishi kwamba ibada haikukatika. Karne kadhaa za ukimya zinaweza kuwa katikati.

Halafu itembee njia iliyokwenda patakatifu. Herodotus, mwanahistoria wa kale, anasema hekalu la Hera, mke wa Zeus, lilikuwa stadia 45 kutoka mji wa Argos, yaani kama kilomita 8, na ndugu wawili, Kleobis na Biton, walimvuta mama yao kwa gari umbali huo wote. Kompyuta itakuchorea eneo linaloonekana kutoka kila kilima, na mimi huitumia, ila haijui jua la mchana wala pale msafara ulipolazimika kupumzika.

Vitabu, na jina la mungu

Waandishi wa kale wasomwe kwa shukrani na kwa shaka. Pausanias anakataa kuelezea yaliyomo ndani ya Eleusis, patakatifu pa ibada za siri karibu na Athens, kwa sababu ndoto ilimkataza. Kunyamaza kwake si ushahidi kwamba hapakuwa na kitu.

Kisa cha kisiwa cha Euboea ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Strabo, mwanajiografia wa kale, anaandika kwamba Amarynthos, penye patakatifu pa mungu wa kike Artemis, pako stadia 7 kutoka kuta za mji wa Eretria, na kwamba msafara wa sikukuu ulikuwa na askari 3,000, wapanda farasi 600 na magari ya vita 60. Watu walitafuta karibu na mji, wakakosa. Mwanahistoria Denis Knoepfler akatoa hoja kwamba mnakili alikosea herufi: Wagiriki waliandika namba kwa herufi, na ile ya 7 inafanana na ile ya 60. Stadia 60 ni karibu kilomita 11. Timu ya Uswisi pamoja na Wagiriki ikachimba kando ya kilima huko, na mwaka 2017 vikatoka vigae vya paa vilivyopigwa mhuri wenye jina la Artemis, pamoja na maandishi ya mawe.

Kabla ya ushahidi wa namna hiyo, kwenye ripoti andika "patakatifu" na jina la kilima, basi. Taa nyingi zisikufanye uandike jina la Demeter, mungu wa kike wa mavuno.

Na kibali kwanza. Sheria 3028 ya mwaka 2002, ambayo sasa imo ndani ya Sheria 4858 ya mwaka 2021, inalinda mambo ya kale ya Ugiriki. Uchimbaji na hata ule uchunguzi wa kutembea mashambani vinahitaji ruhusa ya Wizara ya Utamaduni. Kama wewe ni mtalii tu na kipande cha chungu kimekuangukia machoni, kipige picha, kiache kilipo, uwaarifu wasimamizi wa mambo ya kale wa mkoa ule.